Mke wa Bhoke Aingia Majini

Kanisa la Mchungaji Godwin kule Turwa, Tarime, lilipojaa mpaka watu wakawa wanasikiliza neno wakiwa wamekaa kwenye ngazi, wakubwa wake walifanya kikao wakaamua kwamba badala ya kupanua jengo watapanua ramani. Yatafunguliwa matawi. Na tawi lisidhaniwe kuwa ni kanisa jipya, la hasha! Litakuwa ni Turwa ile ile, imehamishiwa mahali pengine: viti vya plastiki vya bluu, kibao cha bluu, nyimbo zile zile kwa mpangilio ule ule, na mahubiri ya Mchungaji Godwin mwenyewe kwenye televisheni. Mwanzoni walitangaza kwamba mahubiri yatarushwa mubashara. Mtandao wa Busawe ukawacheka. Ikabidi yarekodiwe katikati ya wiki, yatiwe kwenye flashi, flashi ipande basi mpaka Mugumu, kisha ipande bodaboda, iingie Busawe Jumamosi jioni ikiwa imeshiba vumbi.

Aliyekabidhiwa tawi la Busawe ni Ghati. Cheo chake kiliitwa mwangalizi, neno zuri lenye kazi ndogo: kuwasha televisheni, kuizima, na kuwafundisha wanaotaka kubatizwa. "Wewe usijisumbue kuhubiri, dada Ghati," Mchungaji Godwin alimwambia siku ya kumwekea mikono. "Wewe washa tu." Ghati alimeza maneno hayo bila kuyatafuna, maana alikuwa na furaha mno kuanza kugombana. Alizaliwa Turwa, akaolewa Busawe, akafiwa na mume Busawe, na miaka yote hiyo alikuwa akimwomba Mungu ampe kanisa karibu na shamba lake la muhogo. Sasa amepewa. Hata kama limekuja ndani ya kisanduku, limekuja.

Mahali pa kusalia ndipo palipokuwa na kazi. Ghati alibisha hodi kwenye miji ya waumini, nyumba hadi nyumba, akapewa chai na pole. Mtu pekee aliyesema ndiyo alikuwa Bhoke, bibi kizee asiyesali popote, mwenye ulimi mkali na kopo la ugoro lisilombanduka mkononi. Bhoke alikuwa na banda pana la mabati lililokuwa la kukaushia tumbaku, na sola juu ya paa.

"Salini," alisema. "Ila nikiwa nimelala msiniamshe. Na mimi msiniokoe."

Wakakubaliana hivyo. Tawi likaanza, na likaota kweli kweli. Matatizo hayakukosekana. Mzee Waitara, kwa mfano, nusura arudi kwake moja kwa moja kwa sababu ya adabu. Alikuwa akikaa kiti cha mbele, Mchungaji anamtazama usoni kutoka kwenye televisheni, na Jumapili hadi Jumapili kijana yule hamwamkii. "Mimi ni sawa na baba yake," mzee alilalamika. "Ananikodolea macho saa nzima, shikamoo hanipi!" Kumweleza kwamba Godwin hamwoni kulizidisha kosa, maana mtu asiyekuona utamsikilizaje? Ghati akatafuta njia. Kila Jumapili, kabla ya kuwasha, alikwenda mbele ya mzee, akainama kidogo, akasema, "Shikamoo mzee, Mchungaji anakuamkia." Waitara anaitikia marahaba, ndipo kitufe kinabonyezwa. Turwa hawakulijua jambo hilo, na Ghati hakuona sababu ya kuwaambia.

Sasa, ndani ya mji ule wa Bhoke aliishi Robhi na watoto wake. Robhi alikuwa mke wa Bhoke.

Wenyeji, yaani Wakurya, wanaliita jambo hilo nyumba ntobhu, na hawahitaji kuelezwa. Kwa asiyejua, ni hivi. Bhoke alijaliwa mabinti watupu, wote wakaolewa, mumewe akafariki, na mji ukabaki hauna wa kuurithi. Basi akafanya kile ambacho mila inamruhusu mwanamke wa namna yake. Alitoa ng'ombe wake, akamwoa Robhi. Watoto ambao Robhi amewazaa ni watoto wa mji wa Bhoke, wanabeba jina la mji, na mwanamume aliyewazaa ni mpita njia ambaye hahesabiwi. Hakuna kingine cha ajabu ndani yake, ingawa wageni hupenda sana kukitafuta. Zipo nyumba za aina hii zilizowatesa mabinti, tena vibaya, na Ghati alizijua kwa majina. Ya Bhoke haikuwa mojawapo. Robhi alifika pale akitoka kwa mwanamume aliyemvunja mkono, na tangu afike hakuna aliyemnyanyulia hata sauti, isipokuwa Bhoke mwenyewe, ambaye huwanyanyulia sauti hata kuku.

Robhi alianza kusikiliza mahubiri akiwa mlango wa jiko, akijifanya anapepeta mtama. Mtama ule ulipepetwa mpaka ukachoka. Kisha akasogea, akapata kiti, akaanza kuimba, na ana sauti nene nzuri ambayo iliwafanya wengine waache kupayuka. Mwisho akamwendea Ghati, akasema anataka kubatizwa. Ghati alimfundisha masomo yote, wakiwa wawili kwenye shamba la muhogo, na hajapata kuwa na mwanafunzi wa kuuliza maswali kama yule.

Ilipobaki wiki moja Mchungaji Godwin aje kubatiza na kulizindua tawi rasmi, alitangulia Clement, mratibu wa matawi, kuwahoji watakaoingia majini. Clement alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa Karagwe, aliyekuja Tarime kufundisha sekondari na kunaswa na kwaya. Aliketi bandani, akawaita mmoja mmoja. Ghati alikaa pembeni.

"Umeolewa?" alimwuliza Robhi.

"Nimeolewa."

"Mume wako naye amekubali ubatizwe?"

"Amekubali. Yule pale."

Clement akageuka akatazama uani. Alimwona Bhoke amekaa kwenye kigoda, akinusa ugoro. Akatazama nyuma ya Bhoke. Nyuma ya Bhoke kulikuwa na mbuzi.

"Simwoni," alisema.

"Huyo mama," Robhi alisema kwa upole, maana alidhani kijana ana macho mabovu. "Bhoke. Ndiye aliyenioa."

Kalamu ya Clement ilisimama. Masikio yalimwiva, akamtazama Ghati kama mtu anayeomba kuokolewa. Ghati akamwondoa Robhi kwa kumtuma maji, akamweleza kijana jambo lote toka ng'ombe mpaka watoto. Clement alishusha pumzi alipojua kwamba lile alilolifikiria halimo. Lakini hata lililobaki lilikuwa kubwa kuliko cheo chake. Alipanda juu ya kichuguu cha nyuma ya banda, mahali pekee penye mtandao, akapiga simu Turwa. Walimwona akitikisa kichwa, kisha akiitikia, kisha akiitikia tena bila kutikisa kitu.

Aliposhuka hakumtazama Ghati machoni.

"Mchungaji anasema aondoke kwanza kwenye nyumba hii. Akishaondoka, abatizwe."

"Na watoto?"

"Si ataondoka nao?"

Ghati alicheka, na hakikuwa kicheko cha furaha. "Clement, mwanangu, wewe ni mgeni nakusamehe. Watoto ni wa mji uliotoa ng'ombe. Akitoka kwenye mji huu anatoka peke yake, watoto wanabaki. Ndiyo mila. Mchungaji hakukwambia hilo?"

"Hakuniambia."

"Na yeye ni Mkurya."

Clement alisogea karibu. Akasema kwa sauti ya chini. "Mama Ghati, tumwache Robhi kwa mara hii. Jina lake nisiliandike tu. Atabatizwa siku nyingine, mambo yakipoa. Usiharibu uzinduzi."

"Mwambie Mchungaji," Ghati alisema, "Robhi atakuwa kwenye mstari."

Hasira ilimpanda Ghati baadaye, alipokuwa akirudi nyumbani, ikampanda mpaka akaupita mji wake mwenyewe ikabidi arudi nyuma. Godwin anajua! Mgeni asipojua unamfundisha. Anayejua akajifanya hajui utamfanya nini? Aliogopa pia, na hebu tusimpambe. Tawi lile alikuwa ameliomba kwa Mungu tangu akiwa na meno yote. Neno moja kutoka Turwa, na viti vya bluu vingeondoka, kibao kingeng'olewa, na Busawe ingerudi kuwa Busawe. Alijua vilevile kwamba akimwacha Robhi nje, tawi lingebaki na viti vyake na kibao chake, na yeye asingeweza tena kuketi kwenye kiti hata kimoja.

Ilibidi amwambie Robhi. Alimwambia shambani, bila kuzunguka.

Robhi alisikiliza mpaka mwisho. "Mama Ghati, niambie ukweli tu. Yesu anataka niwaache wanangu?"

"Hapana."

"Sasa ni nani anayetaka?"

Jibu Ghati alikuwa nalo, ila si la kusemwa na mwangalizi wa tawi. Akang'oa muhogo ambao haujakomaa.

Habari haikuchelewa kumfikia Bhoke. Alimkuta Ghati bandani akipanga viti, akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Nimesikia mke wangu anafukuzwa kwangu," alisema, "na watu wanaosalia kwangu."

"Si mimi, mama."

"Najua si wewe, ungekuwa wewe ningekutandika. Huyo mkubwa wenu anakuja kweli Jumapili?"

"Anakuja."

"Vizuri. Mgeni wangu huyo. Nitachinja."

Ghati hakujua kama aliposema atachinja alikuwa akimtaja mbuzi.

Jumapili ikafika. Noah ya Turwa iliingia uani asubuhi, imejaa kwaya na spika. Mchungaji Godwin aliposhuka, watu walishangaa jinsi alivyo mfupi, maana kwenye televisheni hajulikani urefu. Alisalimia vizuri, akamwamkia Mzee Waitara kwa mdomo wake mwenyewe, na mzee akaridhika kabisa. Kisha msafara ukashuka kwenda lamboni, nyimbo mbele, vumbi nyuma. Njiani Godwin alimvuta Ghati pembeni.

"Dada, nimemwona yule binti amevaa kanzu nyeupe."

"Ndiyo, amevaa."

"Si tulielewana?"

"Ulimwelewesha Clement, Mchungaji. Mimi hukuniuliza. Ungeniuliza ningekwambia kwamba unamtaka mama wa watoto achague kati ya maji na watoto wake, na unajua hivyo, maana na wewe ni Mkurya."

Godwin hakuwa mtu mbaya. Alifuta jasho. "Ghati, unaiona nyumba moja. Mimi naona matawi yote. Nikimbatiza huyu, kesho watakuja wote wa namna yake. Kila kijiji wapo!"

"Si ndiyo maana tumefungua matawi?"

"Usinijibu hivyo," Mchungaji alisema, akaongeza mwendo.

Lambo lilikuwa na maji ya kutosha, ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ombe walikuwa wamefukuzwa upande wa pili, wakitazama. Godwin na Clement waliingia mpaka kiunoni. Walioitwa waliingia, wakazamishwa, wakaibuka wakitema maji na kusifu. Robhi alikuwa wa mwisho kwenye mstari. Watoto wake walisimama kando na Bhoke, ambaye hajapata kufuata ibada hata siku moja, na leo amefuata na shuka mkononi. Aliyekuwa mbele ya Robhi alipotoka, Mchungaji Godwin akaanza naye kutoka.

"Bado mmoja," Ghati alisema kutoka ukingoni.

"Tumemaliza, dada."

"Hatujamaliza. Yuko hapa."

"Robhi atasubiri. Tufunge kwa wimbo." Akawaashiria wanakwaya. Hakuna aliyeanzisha wimbo: kwaya ya Turwa ilikuwa inamtazama Ghati, na sauti kubwa ya Busawe ilikuwa ya Robhi, na Robhi alikuwa amesimama, mikono ameikunja kifuani.

Ghati akavua viatu.

Aliingia na nguo zake zote, kitenge kikavimba juu ya maji kama mkate. Alipompita Godwin, Godwin alimshika mkono. "Ghati! Wewe huna mamlaka ya kubatiza."

"Wewe unayo. Nimekusubiri uitumie."

"Ukimzamisha, Busawe si tawi letu. Nasema mbele ya watu wote hawa. Kuanzia leo si tawi letu!"

Hapo ndipo moyo ulipompasuka, na tusiseme uongo. Miaka yote ile, safari zote zile za Mugumu na Tarime, magoti yake yote mawili. Alitazama juu ukingoni, akaona Mzee Waitara na wenzake wamesimama wanamtazama yeye. Kisha akautoa mkono wake kwenye mkono wa Mchungaji, taratibu, kidole kwa kidole.

"Sawa, Mchungaji," alisema. "Nimesikia. Robhi, njoo mwanangu."

Robhi akashuka.

"Jina lako?"

"Robhi." Akanyoosha shingo ili sauti ifike mpaka kwa wale ng'ombe. "Robhi, mke wa Bhoke."

"Robhi, mke wa Bhoke, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Wapo wanaosema Ghati alimzamisha mara mbili kwa sababu ya hasira. Si kweli. Robhi ni mrefu, Ghati ni mfupi, hakuwahi kufundishwa kazi ile, na mara ya kwanza paji la uso lilibaki nje. Akaona isiwe nusu nusu. Mara ya pili alimzamisha kwa uzito wake wote, wakazama wote wawili, na Clement, yule kijana mpole aliyekuwa amesimama karibu, akatumbukiza mikono majini akawainua wote wawili kwa pamoja. Godwin alimtazama. Clement hakuinamisha macho safari hii.

Ukingoni Bhoke alimfunika mkewe kwa shuka, akamsugua kichwa kwa nguvu kama anayekausha ndama. "Umelowa," alimwambia, na hakuongeza lolote.

Walipanda kurudi bila nyimbo. Uani, Mchungaji Godwin aliamuru televisheni, spika na viti vipakiwe. Ghati mwenyewe, maji yanamchuruzika, aliingia bandani akachomoa waya, akaukunja vizuri, akamkabidhi dereva.

"Mtafanyaje Jumapili?" Godwin aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya huzuni zaidi kuliko ya ukali. "Nani atawahubiria?"

"Mimi."

"Wewe?"

"Mimi, Mchungaji. Sijui nitasema nini, lakini nitakuwa nawaona."

Godwin akaelekea kwenye Noah. Ndipo alipokutana na harufu. Katikati ya ua palikuwa na mkeka, ugali wa mtama na muhogo uliofunikwa kwa kawa, na mbuzi mzima amegawanywa kwenye sinia. Wanakwaya walikuwa tayari wamesimama karibu, macho yao hayatoki pale. Bhoke alikuwa amekaa kwenye kigoda chake upande wa juu, mahali pa mwenye mji.

Mtu wa Karagwe angeweza kupanda gari akaondoka. Mkurya hawezi. Mnyama aliyechinjwa kwa ajili yako, ndani ya mji uliouingia kwa miguu yako, ukimpa mgongo umetangaza vita, na wajukuu wako watasimuliwa. Godwin alisimama, mkono kwenye mlango wa gari.

"Unanitega, Ghati."

"Sikutegi. Umesema mwenyewe kule majini kwamba hapa si pako. Basi hapa huna amri yoyote, una njaa tu. Wewe ni mgeni. Kaa."

Mchungaji alikaa. Alikaa ukingoni mwa mkeka, kama mtu anayekaa kwenye benchi la hospitali.

Mgeni hajinawishi. Ananawishwa, na mke wa mji ndiye anayemnawisha. Robhi alitoka jikoni na jagi na beseni, kanzu nyeupe bado imemganda mwilini, mtoto wake mdogo ameshikilia upindo. Akapiga magoti mbele ya Mchungaji Godwin. Akaweka beseni chini, akainua jagi, akasubiri.

Godwin aliitazama mikono yake mwenyewe, ile ile iliyowabatiza wengine asubuhi hiyo. Hakuitoa.

"Mura," Bhoke alisema kutoka kwenye kigoda, kama mtu anayemsemesha kijana wa kuchunga, "mke wangu amepiga magoti. Usimchoshe."

Mchungaji Godwin akakunja mikono ya shati lake, akaweka viganja juu ya beseni, na Robhi akammiminia maji.